Mtume Ezéchiel Avaa Taji la Tsar

Maman Arlène alizikwa Jumamosi, katika baridi ya mwezi wa sita mwaka 2016. Jumapili iliyofuata mume wake, Mtume Ezéchiel, alisimama madhabahuni pale Rosettenville, Johannesburg, akasema kwamba mke wake hakufa kifo cha Mungu.

"Kuna mkono uliokuwa ukishika kichwa chake," alisema. "Ulikuwa ukikishika, ukikichana, ukitabasamu. Mkono huo uko humu ndani leo."

Hakutaja jina, wala haikuhitajika. Aliyekuwa akimsuka Maman Arlène ni Jeannine, tangu enzi zile kanisa lilipokuwa likisali kwenye gereji ya mtu. Jeannine alikuwa ameketi katikati ya wanawake wenzake, bado amejifunga kitenge cha msiba. Wale vijana wa protokoli, wenye suti nyeusi na nyaya masikioni, walimwendea wakamnyanyua, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Kiatu chake kimoja kilichomoka, kikabaki kati ya viti. Wanawake waliokuwa pembeni yake walikitazama kana kwamba ni nyoka.

Kaka yake, Ignace, alikuwa kwenye kwaya, sauti ya nne. Aliinamisha uso mpaka mlango ulipofungwa.

Baada ya siku hiyo Jeannine akawa mtu wa kukwepwa. Saluni alimokuwa amekodi kiti ilijaa waumini wa Ezéchiel, na mwenye saluni akamwambia kwa upole kwamba kiti kimepata mtu mwingine. Aliokuwa akiwasuka bure siku za shida walivuka barabara kabla ya robot, zile taa za barabarani, wasikutane naye. Asubuhi moja akakuta mlangoni kwake neno moja kubwa la mkaa: MULOZI, yaani mchawi. Alilifuta kwa sabuni ya unga, akaanza kusuka wateja wachache uani kwake, Wamalawi na Wamsumbiji wasiojua habari za kanisa lile.

Rafiki wa Jeannine, Orpha, hakuwapo Jumapili ile. Alikuwa zamu Braamfontein, ambako alisafisha ofisi. Alipohadithiwa, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mtume kumuuliza. Protokoli walimzuia getini. Tangu hapo hasira ilimkaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Hata hivyo hakuhama kanisa. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo, na vijana wa kikundi kile, waliozaliwa hapa Johannesburg na kuongea Kizulu zaidi ya Kiswahili, hawakuwa na mtu mwingine wa kuwakusanya.

Huko Bukavu Orpha alikuwa mwalimu wa historia. Ndiyo maana katikati ya mwaka 2018 Mtume alimwita ofisini.

"Kanisa linatimiza miaka kumi," Ezéchiel alisema. "Nataka mchezo. Lakini si Daudi, si Sulemani. Kila kanisa linacheza Daudi. Niletee mfalme Mkristo, mfalme mkubwa, mwenye taji."

Orpha alijibu kabla hajafikiri. "Kuna Ivan, Mtume. Wa Urusi."

Akamweleza. Ivan alifiwa na baba akiwa bado anabebwa, akafiwa na mama angali mtoto, akalelewa na mabwana wa jumba la kifalme waliomdharau na kugombana mbele yake. Alipofikisha miaka kumi na sita akatawazwa, akawa wa kwanza nchini mwake kuvikwa taji kwa jina la Tsar, maana yake Kaisari. Akauteka mji wa Kazan, akajenga kanisa Moscow lenye vichwa vya rangi rangi ambalo liko mpaka leo. Orpha alimwonyesha picha kwenye simu. Ezéchiel hakulitazama kanisa sana. Alisogeza picha mpaka kwenye kofia ya dhahabu iliyozungushiwa manyoya, akaikuza kwa vidole viwili.

"Yatima aliyeinuliwa na Mungu," alisema. "Huyu nitamcheza mimi mwenyewe."

Mengine Orpha hakumwambia. Hakumwambia kwamba Tsar yule alimpenda mke wake Anastasia, na Anastasia alipougua na kufa, mumewe alisema wamemlisha sumu, akawageukia watu waliokuwa karibu naye. Hakumwambia habari za wale wapanda farasi wake wa majoho meusi, waliofunga kichwa cha mbwa na ufagio kwenye tandiko: mbwa wa kunusa wasaliti, ufagio wa kuwafagia. Hakumwambia walivyouteketeza mji wa Novgorod. Hayo alikuwa akiwafundisha watoto wa Bukavu kwa chaki, nao walikuwa wakinakili bila kuinua macho. Siku hiyo, ndani ya teksi ya kurudi nyumbani, yalimrudia yote. Mwanamume kafiwa na mkewe, na badala ya kulia anatafuta ni mkono wa nani! Kumbe ujinga huu una umri mrefu namna hii.

Mchezo ukaandikwa, na mazoezi yakaanza. Ezéchiel alikuja na kiti chake mwenyewe cha kukalia. Alikata kifo cha Anastasia ("Tusiwakumbushe watu majonzi"). Alikata Novgorod. Wale wapanda farasi aliwapenda, akaamuru vijana wake wa protokoli ndio wawacheze. Majoho yakashonwa na Bakiri, fundi cherehani wa Tanga aliyekuwa na duka jirani na kanisa.

"Dada Orpha," Bakiri aliuliza akipima kitambaa cheusi, "kichwa cha mbwa na ufagio? Hawa ni askari au waganga?"

"Ni watu wa kufagia wasaliti wa mfalme."

Bakiri alichungulia dirishani, akawaona protokoli wakiwapangia watu magari. "Basi mimi nashona bure tu. Sare wanayo."

Likabaki onyesho moja la ubishi. Filipo, Askofu Mkuu wa Moscow, alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumkemea Ivan hadharani. Siku moja Tsar aliingia kanisani na kundi lake, wote wamevaa nyeusi, akasimama mbele ya Filipo kuomba baraka. Filipo akaitazama picha takatifu kana kwamba hakuna mtu. Tsar akaomba tena na tena. Mwishowe askofu akasema kwamba katika vazi lile hamtambui mfalme, wala hamtambui katika matendo yake. Baadaye walimvua uaskofu, wakamfungia mbali, akanyongwa.

"Huyu askofu ana shida gani?" Ezéchiel aliuliza. "Hapana. Atambariki. Mpakwa mafuta hanyimwi baraka."

"Sawa, Mtume," alisema Orpha.

Aliyepewa Filipo ni Ignace, kwa sababu ya ndevu zake nyeupe na sauti inayotetemesha madirisha. Ignace alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la fleti huko Observatory, juu kilimani. Orpha alipanda kumfuata mchana mmoja, akamkuta ndani ya kibanda cha getini na chupa yake ya chai.

"Papa Ignace, siku ya sherehe usimbariki Mtume."

Mzee aliweka kikombe chini. "Unasema nini?"

"Akiomba baraka, nyamaza. Akiomba mara ya tatu, sema maneno ya Filipo. Watu wote watakuwa wanasikiliza. Sema kwamba humtambui katika matendo yake. Kila mtu atajua unamsema nani."

Ignace alitazama barabara. "Tangu wamtoe Jeannine, mdogo wangu hanifungulii mlango," alisema. "Napiga hodi, nasikia redio ndani. Anaongeza sauti ya redio."

"Basi atasikia hiki."

"Umemwambia?"

"Hapana. Itakuwa zawadi."

Ignace alikubali kwa kichwa.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka ngazi. Walikuja wachungaji kutoka Pretoria, na watu wa Lubumbashi, Goma na Uvira waliovalia vitenge vya sare. Ezéchiel alitoka nyuma ya pazia na taji la shaba lenye manyoya bandia, joho jekundu linaburura, watu wakapiga vigelegele na kupunga leso. Alitawazwa. Akaiteka Kazan. Akaelekeza fimbo yake juu, na kanisa la mbao lenye rangi likainuliwa kwa kamba, ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Orpha alikuwa pembeni ya jukwaa, ameshika pazia kwa mikono miwili, meno yameumana.

Kisha likaja onyesho la Filipo. Ezéchiel alikuwa amevaa joho jeusi sasa, na protokoli nyuma yake na mafagio. Alisogea mbele ya Ignace, akainamisha kichwa kidogo tu, taji lisianguke.

"Baba, nibariki."

Ignace alitazama mbele.

Watu wengine walidhani mzee amesahau maneno. Dada mmoja kwenye safu ya mbele alimnong'oneza, "Mbariki, Papa." Ezéchiel akatabasamu kwa watu, akarudia kwa sauti zaidi.

"Baba, nibariki!"

Ignace hakusogea. Ukumbi ulianza kutulia, ule utulivu wa watu wanaoanza kuelewa. Akina mama walioketi safu aliyotolewa Jeannine waliacha kupepea. Mtoto alilia, akazibwa mdomo.

"Weye mzee," Ezéchiel alisema, sasa bila sauti ya mchezo, "nibariki."

Orpha alisubiri. Maneno yalikuwa yamefika. Yalikuwa na nafasi yote duniani. Sema, alisema moyoni. Sema, sema! Aliona mdomo wa Ignace ukifunguka na kufungwa. Hakikutoka kitu. Ezéchiel akageuza kichwa kwa vijana wake, nao wakamshika mzee mikono, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, wakamshusha jukwaani na joho lake la uaskofu. Mafagio yalianguka. Mpiga kinanda akapewa ishara, wimbo wa sifa ukalipuka, na baada ya muda watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha wengi.

Protokoli walimtoa Orpha kwa mlango wa nyuma. Akamkuta Ignace barabarani ameketi ukingoni, ndevu zimelowa machozi.

"Yalinikwama," alisema.

"Miaka miwili, Papa!" Orpha alimfokea mbele ya wapita njia. "Miaka miwili, na maneno yenyewe nimekuandikia mimi!"

Hata hivyo walikwenda pamoja kwa Jeannine, kwa sababu habari zilikuwa tayari zinaruka kwenye simu, na Orpha alitaka azisikie kutoka kwao. Jeannine alikuwa uani anaosha vitana. Safari hii mlango ulikuwa wazi, haukuhitaji kufunguliwa. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, mikono ndani ya beseni.

Orpha alitarajia kukumbatiwa. Jeannine alilimwaga lile beseni, maji yakawarukia miguuni.

"Nani aliwaomba?" alisema. "Miye niliwaomba? Orpha, umechukua msiba wangu ukaufanya mchezo, watu wakapangiwa viti, wakapiga vigelegele. Ulinijia hata siku moja ukauliza, Jeannine, nifanye?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Ulifanya kwa hasira yako! Yangu unaijua weye?" Akamgeukia kaka yake. "Na weye, yaya, mkubwa wangu. Waliponitoa ulinyamaza. Nikasema, sawa, ameogopa. Miaka miwili unanigongea mlango, na siku uliyochagua kunitetea, unafanya nini? Unanyamaza tena!"

Ignace alisimama kama mtoto aliyekamatwa.

"Kuna kitu hamjui nyinyi wote," Jeannine alisema, sauti imeshuka, mbaya zaidi kuliko makelele. "Arlène aliniapisha nisiseme. Nimekilinda kiapo cha maiti wakati mume wake ananiita mulozi. Sasa nimemaliza. Msije karibu yangu Jumapili. Mkitaka, simameni ng'ambo ya barabara."

Jumapili hiyo alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, akajifunga kilemba, akaenda kusimama kwenye geti la kanisa wakati watu wanaingia. Ng'ambo ya barabara, mbele ya spaza ya Msomali, duka dogo la mtaani, Orpha na Ignace walisimama kama walivyoambiwa.

Hakupiga kelele. Aliwaita watu kwa majina, mmoja mmoja kadiri walivyofika.

"Pacifique, miye nilimsuka dada yako siku ya harusi. Nawe Duni, ulilala nyumbani kwangu walipochoma nyumba mtaa wenu. Niangalieni. Nawaambia Arlène alikufaje."

Wengi walipita wakitazama simu. Wengine walisimama hatua chache mbele, wakijifanya wanamsubiri mtu. Protokoli walikuja wakamwambia aondoke. Akawaambia yuko barabarani, barabara si ya Mtume wao. Mmoja alimshika bega. Ignace, ng'ambo, alivuka bila kutazama magari, akasimama kati ya yule kijana na dada yake, na hakurudi tena upande wa pili. Jeannine hakumtazama, lakini hakumfukuza.

Gari la Ezéchiel likafika. Jeannine alikuwa katikati ya geti, dereva akapiga honi, akapiga tena. Kioo cha nyuma kikashuka.

"Arlène alikufa kwa figo!" Jeannine alisema, na sasa sauti yake ilipanda mpaka wale wa ndani wakasikia. "Daktari alimwekea siku za kusafishwa damu kwenye mashine. Alikuwa anaendelea vizuri. Weye ukasimama humo ndani ukatangaza kwamba Mungu amemponya, ukamkataza kurudi hospitali, asije akakuaibisha. Akavimba miguu, akavimba uso. Nilimbeba mimi na teksi, na weye ulikuwa kwenye kongamano. Nilimwosha kichwa kitandani. Akaniambia, Jeannine, usimwaibishe mume wangu. Na weye unasema mkono wangu ndio uliomuua!"

"Ondoa huyu mchawi," Ezéchiel alimwambia dereva.

Dereva hakusogeza gari. Labda ni kwa sababu mbele ya gari, karibu na Jeannine, sasa alikuwa amesimama mtu mwingine: Maman Léocadie, mama mzazi wa Arlène, mwanamke mnene wa miaka sabini ambaye kila Jumapili huketi safu ya kwanza kwenye kiti chenye mto. Alikuwa ameingia zamani. Alikuwa amerudi nje.

"Jeannine," alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama. Muulize yeye."

Bibi alizunguka mpaka kwenye dirisha. Hakuna aliyesikia alichomuuliza mkwewe. Waliona tu kwamba Ezéchiel alianza kujibu, mkono wake ukichora hewani kama anavyofanya akihubiri, na kwamba Maman Léocadie hakusubiri amalize. Aligeuka, akaingia kanisani kwa mwendo wake wa magoti mabovu.

Ukutani mwa ukumbi, juu ya meza ya maua, ilikuwa imetundikwa picha kubwa ya Arlène ndani ya fremu ya dhahabu, chini yake maandishi: *Aliyeuawa na adui, aliyepokelewa na Bwana*. Ibada ilikuwa imeanza. Kwaya ilikuwa inaimba. Maman Léocadie alisogeza maua pembeni, akapanda juu ya kiti, akaishusha picha. Kijana mmoja wa protokoli alimjongelea. Bibi alimtazama, na yule kijana akaishia kumshikilia kiti asianguke. Wimbo ulidhoofika sauti moja baada ya nyingine. Bibi akatoka nayo akiikumbatia kwa mikono miwili, na wanawake wa safu ya kati, wale waliokitazama kile kiatu, wakampisha njia. Wanne au watano wakatoka nyuma yake. Wengine wote walibaki.

Inafaa kusema mambo yalivyokwenda, yasidhaniwe kuwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Ezéchiel alihubiri siku hiyo juu ya Yuda. Hakuomba radhi, wala mwaka uliofuata, na kanisa lake bado lilijaa, ingawa ule ukuta ulibaki na alama nyeupe ya mraba ambayo walifunika kwa bendera. Orpha alipoteza vijana wake wa maigizo, wazazi waliwakataza. Kila alipopita pale alihisi tonge lile lile kifuani, na hakutaka liyeyuke.

Lakini asubuhi ile walikuwa nje, barabarani, jua la baridi usoni, na picha ilikuwa kubwa mno kwa teksi. Dereva wa kwanza alikataa, wa pili akacheka. Maman Léocadie alisema atakwenda kwa miguu mpaka kwake, hata kama atafika kesho.

"Lete nikubebee, Mama," alisema Ignace.

Jeannine alikuwa ameshashika upande mmoja wa fremu. Alimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza tangu afike, macho bado makali.

"Shika huko basi," alisema. "Na usiiangushe."

Wakaibeba, mmoja huku, mwingine kule, bibi akiwa mbele na Orpha akisimamisha magari kwa mkono kwenye kila njia panda.